Mfuko wa Choroko wa Bi Mashavu

Saa sita kamili mchana Mlishi, mtambo wa kulisha kituo, alianza kuita majina, kama alivyokuwa akifanya kila siku kwa miezi kumi na minne bila kuchelewa hata dakika moja.

"Masalu. Chakula chako ki tayari. Lishe kamili."

Masalu, mchimbaji mwenye mabega mapana, aliweka kiganja juu ya kioo cha ukutani. Chini ya kioo kulikuwa na kisomadamu, kifaa kilichopitisha mwanga ndani ya ngozi na kusoma sukari, chuma, maji na mapigo ya moyo bila sindano. Kila mtu alikuwa na mlango wake mdogo ukutani, unaofunguka wenyewe jina lake likiitwa. Wa Masalu ukafunguka, bakuli la uji mzito likatoka, na juu ya mlango maneno mawili yakawaka kwa rangi ya kijani: LISHE KAMILI. Siku hiyo uji ulikuwa na ladha ya kuku. Jana yake ulikuwa na ladha ya wali wa nazi, na juzi yake samaki.

Kituo cha Usagara, kwenye sayari ya Mirihi, kilikuwa na watu ishirini na wanne walioishi chini ya mwamba wakichimba barafu. Hakuna aliyepika wala kuosha sufuria, na ukweli usemwe, hakuna aliyeuliza kilichomo bakulini. Mlishi aliotesha mwani ndani ya mabomba ya kioo, akausaga, akautia ladha, kisha akauchanganya na madini na vitamini kutoka kwenye birika kuu. Aliyemuunda ni Mhandisi Nakijwa Kiondo, mwanamke wa Usangi mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ambaye kila adhuhuri alisimama pembeni ya ukumbi kuwaangalia watu wakila. Alisema anakagua mtambo. Kwa kweli alikuwa anajisikia raha tu, na nani angemlaumu.

Siku hiyo raha iliisha alipoingia mdogo wake. Sangiwa alikuwa mchimbaji pia, kitindamimba wa mama yao, na alikuja akiburuta mguu wa kulia.

"Umeumia?"

"Sijaumia popote, dada. Ndiyo maana nimekuja." Sangiwa alipandisha suruali hadi juu ya goti. "Unalikumbuka hili?"

Nakijwa alilikumbuka. Sangiwa alikuwa na miaka tisa alipojikata kwa mundu wakikata majani ya ng'ombe, na ni yeye Nakijwa aliyelifunga goti lile kwa kanga ya mama. Lilipona, likaacha kovu la urefu wa kidole. Sasa, miaka ishirini na mbili baadaye, kovu lilikuwa limefunguka lote, jekundu na bichi, kana kwamba mundu umepita asubuhi ile.

Alimshika mdogo wake mkono, akampeleka kwa daktari bila hata kuchukua bakuli lake.

Daktari Pendael alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Aliliangalia goti, kisha akamwambia Sangiwa afungue mdomo. Akabonyeza ufizi kwa kidole. Damu ikatoka pale pale.

"Huyu ni wa nne wiki hii," alisema. "Masalu ndiye wa kwanza, na hali yake mbaya kuliko wote, ila anakataa kulazwa. Wote fizi zinatoka damu, wote miguu imevimba. Nilikuwa sitaki kuamini. Sasa naamini. Ni kiseyeye."

"Hicho ni kitu cha mabaharia wa kale," Nakijwa alisema.

"Ni cha yeyote anayekosa vitamini C. Kovu si kitu kilichoisha, Nakijwa. Mwili hulishona upya kila siku, na uzi wa kushonea hautengenezeki bila vitamini hiyo. Ukiikosa miezi mitatu minne, nyuzi zinakatika. Vidonda vya zamani vinarudi. Baadaye moyo."

"Lakini hawaikosi. Mlishi anampa kila mtu miligramu tisini kwa siku." Alimgeuzia kibao chake cha skrini. Safu yote ilikuwa ya kijani, kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho. "Nimepima unga mwenyewe ulipoingia. Kisomadamu kinaonyesha wako sawa."

"Kisomadamu kinasoma vitamini C?"

Nakijwa alisita. "Hakiisomi. Kinaikokotoa kutokana na chakula alichokula mtu."

"Basi wewe endelea kusoma skrini," Daktari Pendael alisema taratibu. "Mimi nasoma fizi."

Vidonge vya vitamini C vya daktari vilikuwa vimekwisha zamani, na alipoomba vingine alijibiwa kwamba Mlishi anatosha. Chombo cha mizigo kilikuwa bado wiki kumi na moja angani. Masalu hakuwa na wiki kumi na moja. Sangiwa, kwa hesabu ya daktari, alikuwa na tano.

"Nitafutie kitu kibichi," daktari alisema. "Kitu chenye uhai. Hata mbegu tu."

"Mbegu ina vitamini C?"

"Ikiwa kavu, haina ya maana. Lakini ilowekwe, iamke, itoe mzizi. Hapo inaanza kuitengeneza yenyewe, mahali ambapo haikuwepo. Siku ya tatu au ya nne unayo. Na si hiyo tu. Wanga wake unavunjika, kwa hiyo tumbo la mgonjwa halisumbuki. Vitamini B zinaongezeka. Hata chuma kilichofungwa ndani ya punje kinaachiliwa, damu inakipata. Punje ya choroko iliyochipua ni duka la dawa, ila sina hata moja."

Ghala la kituo lilikuwa na maharage na kunde. Nakijwa aliziloweka siku ile ile. Baada ya siku mbili zilikuwa zimevimba, zimelainika na zinanuka, na hakuna hata moja iliyotoa mzizi.

"Hizo maiti, mwanangu. Utazilowesha mpaka kiama."

Aliyesema hivyo alikuwa Bi Mashavu, mwanamke wa Pangani, mtu mzima kupita wote pale kituoni, aliyekuwa muuguzi wa wodi. Alieleza jambo ambalo Nakijwa alipaswa kulijua: nafaka zote za ghalani zilipigwa mionzi kabla ya safari ili zisiote ukungu, na mionzi ile huua punje moja kwa moja.

"Zangu hazikupigwa," Bi Mashavu aliongeza.

Kila mtu aliruhusiwa kuja na kilo mbili za vitu vyake mwenyewe. Wengine walileta picha na vitabu, na Sangiwa alileta mpira wa miguu, akili za Sangiwa hizo. Bi Mashavu alileta choroko. Karibu kilo mbili, ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, alizokuwa akizitunza kwa ajili ya futari ya mwezi wa mfungo. Alimpa Nakijwa mfuko wote, akabaki na kopo moja tu la unga wa tui.

Ilibaki ruhusa. Kamanda Ngusa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe magumu. Miaka mitatu nyuma, kabla ya Mlishi, kituo kilikuwa na bustani. Vijidudu viliingia kwenye figili, na watu wawili wakazikwa. Ni Kamanda Ngusa aliyewafukia, na ni Nakijwa aliyeletwa kutoka duniani kuhakikisha jambo lile halitokei tena. Ripoti ya kuifunga bustani ilikuwa na sahihi yake.

"Unataka uoteshe kitu kwenye unyevu na joto," kamanda alisema. "Wewe. Uliyenifundisha kwamba unyevu na joto ndiyo nyumba ya vijidudu."

"Ndiyo, Kamanda."

"Na mashine yako inasema hawa watu hawana upungufu wowote."

"Ndiyo."

Kamanda aliinua vidole vyote kumi. "Siku kumi. Ndani ya bustani ya zamani, mlango umefungwa. Wasipopata nafuu, vyote vinaingia kwenye tanuri, na tutafute ugonjwa mwingine."

Nakijwa aliloweka nusu ya mfuko. Akazichuja, akazitandaza kwenye masanduku yenye matundu, akazifunika zisione mwanga, na kila baada ya saa sita akazisuuza kwa maji safi ili zisichachuke. Siku ya pili punje zilipasuka maganda. Siku ya nne masanduku yalikuwa yamejaa machipukizi meupe, manene, yenye vichwa vya kijani kibichi. Kilo moja ilikuwa imekuwa karibu saba. Alitafuna moja, likakatika mdomoni na kutoa maji, na machozi yakamlengalenga, kwa sababu alikuwa hajasikia mlio wa kutafuna kitu kwa miezi kumi na minne.

Wagonjwa wote wanne, Masalu naye, walikuwa wamelazwa. Kila asubuhi alipima robo kilo kwa kila mgonjwa, akapitisha bakuli kwenye dirisha la wodi, na Bi Mashavu akalipokea. Ndani hakuingia. Mtu anayegusa masanduku hakuruhusiwa kukaribia vitanda. Ndivyo kanuni ya vijidudu ilivyosema, na kanuni aliiandika yeye.

Siku ya sita hakukuwa na nafuu. Siku ya saba goti la pili la Sangiwa lilivimba. Siku ya nane alizungumza na dada yake kupitia dirishani, na meno mawili ya mbele hayakuwepo.

"Yamedondoka yenyewe," alisema, akijaribu kutabasamu na mdomo umefumbwa. "Mama asijue."

"Unakula choroko?"

"Nakula zote. Bi Mashavu hatuachii hata kijiko."

Asubuhi ya siku ya tisa Masalu alikaa kitandani ili anywe maji, moyo ukasimama. Kamanda Ngusa alikuja mwenyewe kwenye bustani ya zamani kumwambia. Alivua kofia kwanza.

"Siku sita wamekula mimea yako, na mmoja amekufa. Si kiseyeye, Nakijwa. Kesho saa nne masanduku yanachomwa, na choroko zilizobaki pia. Sitaki kuzika mtu kwa ugonjwa na mwingine kwa vijidudu."

Nakijwa aliyafunika masanduku. Ubongo wake ulizunguka pale pale: vitamini imo ndani ya punje, daktari kasema, imo ndani ya Mlishi, skrini imesema, na watu wanakufa kwa kuikosa. Kwa kuwa kazi ya masanduku ilikuwa imekwisha, kanuni nayo ilikuwa imekwisha. Alinawa, akavaa joho, akaingia wodini kwa mara ya kwanza kumwona mdogo wake.

Kabla hajafika kitandani alisimama. Kulikuwa na harufu. Harufu nzuri, ya nyumbani, ya chumvi na nazi. Juu ya jiko la umeme, ambalo Daktari Pendael alilitumia kuchemshia vifaa vyake, sufuria ilikuwa inatokota polepole, na Bi Mashavu alikuwa anakoroga kwa mwiko.

"Shikamoo, Bi Mashavu. Unapika nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si ndizo zile choroko zako." Alichota kijiko amwonyeshe. Ilikuwa rojo ya kijivu. "Toka asubuhi ziko motoni. Zimelainika, meno hayahitajiki."

"Kila siku unazipika hivi?"

"Sasa nizipikeje? Fizi zinawavuja damu, watatafuna majani kama mbuzi? Na mgonjwa hapewi kibichi. Kwetu ukimpa mgonjwa kibichi, watu watasema humtaki apone."

Nakijwa alikiangalia kijiko. Vitamini C haivumilii moto. Alijua hilo, daktari alijua, kila aliyesoma kidogo alijua, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyelisema; hata daktari, aliyeipita sufuria ile kila siku, aliona chakula tu. Nani angefikiria kumwambia mtu asizipike choroko? Choroko tangu enzi na enzi huchemshwa hadi ziive, na mpishi mwenye upendo huziacha motoni zaidi.

Alitaka kupiga kelele. Lakini kabla hajafungua mdomo, wazo la pili lilimfika, na hilo lilikuwa zito kuliko la kwanza. Aliitazama sufuria inavyotokota. Akakumbuka birika kuu.

Vijidudu vilipoua watu wawili, yeye ndiye aliyetoa suluhisho. Vitamini zote za miaka miwili zilimwagwa siku ya kwanza ndani ya birika moja, zikachanganywa, na birika likawekwa kwenye nyuzi joto themanini, mchana na usiku, ili kijidudu kisiishi humo. Mlishi alijua kilo ngapi za unga ziliingia, akagawa kwa siku na kwa vichwa, akawasha taa ya kijani. Hakuwahi kupima kilichobaki. Hakuna aliyemfundisha.

"Bi Mashavu," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali, "zima jiko."

Saa tisa alasiri Kamanda Ngusa aliitwa wodini. Juu ya meza palikuwa na glasi tatu na chupa ya aidini, dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda. Daktari Pendael alieleza kwa maneno yake machache: aidini ikikutana na wanga inakuwa nyeusi, lakini vitamini C ikiwepo huila ile rangi kwanza. Rangi ikipotea, vitamini ipo. Ikibaki, haipo.

Glasi ya kwanza ilikuwa na maji ya machipukizi mabichi yaliyopondwa na kutiwa wanga kidogo. Nakijwa alidondosha tone. Wingu jeusi lilionekana, likapotea. Tone la pili likapotea. La tano likapotea.

Glasi ya pili ilikuwa na mchuzi wa Bi Mashavu. Tone la kwanza tu, glasi ikawa nyeusi na ikabaki hivyo. Bi Mashavu, aliyesimama karibu na mlango, alijishika mdomo.

Glasi ya tatu ilikuwa na uji wa adhuhuri ile, uliotoka kwenye mlango mdogo chini ya maneno ya kijani. Nakijwa alidondosha tone la kwanza pembeni, ikabidi arudie. Uji ukawa mweusi kama wino.

Kamanda Ngusa aliziangalia glasi moja moja, kisha akarudi kwenye ile ya tatu.

"Toka lini?" aliuliza.

"Imekuwa ikipungua toka siku ya kwanza. Pengine ni miezi minne sasa tangu iishe kabisa."

"Na jaribio hili linachukua muda gani?"

"Dakika mbili, Kamanda."

Alitikisa kichwa. Hakumfokea, na Nakijwa angependa afokewe. Alisema tu kwamba masanduku yabaki, na bustani ifunguliwe, na akatoka.

Sasa ilibaki kilo moja ya punje na swali moja: watu wasioweza kutafuna watakulaje kitu kibichi, na vijidudu je? Bi Mashavu ndiye aliyepata jibu. Aliyatumbukiza machipukizi kwenye maji yanayochemka, akahesabu hadi thelathini, akayatoa. "Nimeyaogesha tu," alisema. Kisha akayatwanga kwenye kinu kidogo cha dawa, akatia chumvi na tui, akawalisha watatu waliobaki, kijiko kwa kijiko. Daktari alipima kwa aidini. Rangi iliendelea kupotea.

Siku ya tatu fizi za Sangiwa ziliacha kutoka damu. Siku ya tano kovu lilianza kufunga kutoka pembeni, na aliomba mpira wake.

Siku hiyo ya tano, kabla ya adhuhuri, Nakijwa na Bi Mashavu walikuwa kwenye bustani ya zamani. Walikuwa wametenga konzi mbili za choroko zisiliwe, wakazipanda kwenye udongo, ili zizae mbegu nyingine kabla mfuko haujaisha. Bi Mashavu alikuwa anatwanga chakula cha wagonjwa. Akaacha.

"Nikuulize jambo, unijibu kweli."

"Uliza."

"Masalu angekula hivi toka siku ile ya kwanza, angekuwepo?"

Nakijwa angeweza kusema hapana. Alifikiria kusema hapana.

"Daktari anasema huenda."

Bi Mashavu aliinamisha kichwa. "Basi miye ndiye..."

"Siyo wewe. Sufuria yako ilikaa motoni nusu siku. Birika langu limekaa motoni miezi kumi na minne. Masalu alipofika kitandani kwako, mimi nilikuwa nimeshammaliza."

Yule mama hakumfariji. Hakusema kwamba si kosa lake, wala hakusema kwamba ni kosa lake. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akamsogezea kinu.

"Twanga weye," alisema. "Mkono wangu umechoka."

Nakijwa akatwanga.

Saa sita kamili sauti ya upole ilisikika kutoka ukumbini. Watu walikuwa bado wanakula uji wa Mlishi kwa ajili ya nguvu, pamoja na kijiko cha machipukizi kwa kinga, kwa hiyo majina yaliendelea kuitwa.

"Masalu. Chakula chako ki tayari. Lishe kamili."

Ilikuwa siku ya sita Mlishi anamwita. Kufuta jina ilikuwa kazi ya Nakijwa, na watu ukumbini walikuwa wamezoea kukwepa macho wakati bakuli lile linatoka, linakaa, na kupoa.

Aliweka mchi chini, akaenda. Bakuli lilikuwa limetoka, na juu yake taa ya kijani inawaka. Alifungua kidirisha cha mtambo, akasimama mbele ya jina la Masalu, kidole kikiwa hewani. Kisha akashuka hadi chini kabisa ya orodha, mahali alipoyaandika mwenyewe maneno yale mawili, LISHE KAMILI, siku ambayo alijiona fundi, akayafuta kwanza. Taa zote ishirini na nne zikazimika.

Jina aliliacha hadi kesho.